Kibao cha Rafu ya Mwisho

"Hakuna," alisema Miwani.

"Tafuta tena, mwanangu."

"Mama, nimetafuta kwa jina la binti yako, nikatafuta kwa jina la tasnifu yake, hata kwa neno 'reli' peke yake. Reli ziko tele humu, za vyuo vyote. Yake haimo."

Mama Vibao akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa sukari imekwisha dukani. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi mwake, cha moto, na vidole vilikwisha kuwa vyekundu. Hakukiweka chini.

Miwani ndiye mkutubi aliyekabidhiwa kazi ya kuhamia mfumo mpya wa utafutaji. Mfumo huo uliunganisha maktaba yao na maktaba za vyuo vingine: unakaa hapa, unaandika neno kwenye kompyuta, unakiona kitabu kilichoko mji wa mbali, unakiomba, unaletewa na gari. Mfumo wa zamani ulikuwa unafungwa jioni ile ile. Kilichovuka kimevuka. Ambacho hakikuvuka, basi tena.

Na Mama Vibao? Kazi yake ilikuwa kurudisha vitabu kwenye rafu. Jina alilipata kwa vibao vyake, vipande vya mbao vyembamba kama rula, vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Kitabu kikiazimwa, yeye alichomeka kibao mahali pake, ili jirani zake wasilale, na chenyewe kikirudi kikute nafasi yake inakingoja.

Binti yake alikulia miguuni mwa rafu hizo. Akitoka shule alikuja kukaa sakafuni, mkoba mapajani, na kabla hata ya kusalimia:

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nalinda nyumba ya jirani, akirudi nafukuzwa."

Mama alijua. Nani asingejua, na jibu analo mkononi? Lakini alijikuna kichwa, akasema ni mlinzi, akasema ni mbwa, akasema ni mvua, mpaka mtoto akadai mji. Akampa mji, akampa na mwingine, miji yote anayoifahamu, ndipo yule mdogo akapiga kelele: "Kibao!" Na watu wote maktabani wakageuka kuwaangalia.

Mtoto akakua, akasoma chuo hicho hicho, akaandika tasnifu kuhusu majani yanayoota kandokando ya reli, yale ambayo sisi wengine tunayapita tu. Kitabu chembamba, jalada la buluu. Kisha homa ikaja, haikubisha hodi, ikaondoka naye.

Tasnifu ilisimama rafu ya mwisho, karibu na dirisha. Siku moja Mama Vibao akamkuta msomaji anaifunua kwa kidole alichokilamba mate. Alimngoja aondoke, akaichukua, akaitia ndani ya foronya safi na kuifungia kwenye kabati la vibao. Mahali pake akachomeka kibao. Sijaiba, alijiambia. Kibao si kipo?

Halafu ikaja amri kwamba vibao vyote vitolewe, kompyuta sasa inajua nani yuko nje na nani yuko ndani. Akapita na ndoo, rafu kwa rafu, akiving'oa kama anayepalilia shamba la mtu mwingine. Na kile cha rafu ya mwisho akaking'oa vilevile. Mkono ulifanya kazi, mwenyewe hakuwepo. Vitabu vikaegemeana, pengo likazibika. Waliopita baadaye na mashine ya kuhesabu hawakuikuta tasnifu, wakaiandika imepotea, na kumbukumbu zake zikafutwa.

"Kwa hiyo imepotea," alisema sasa Mama Vibao.

"Kwa mfumo huu, Mama, haikuwahi kuandikwa."

"Na kama ipo?"

Miwani akavua miwani yake. "Ipo wapi?"

Babu Geti, mlinzi wa mlangoni, akachungulia kabla Mama Vibao hajajibu. "Wenzangu! Nasikia leo mnaizika kompyuta ya zamani. Mazishi saa ngapi, nije na kiti changu?" Macho yake yakamwangukia Mama Vibao, akajikohoza. "Nisamehe, dada yangu. Mdomo wangu hauna breki."

"Njoo na kiti," alisema Mama Vibao. "Na sukari."

Akaenda kabatini, akarudi na foronya. Miwani aliishika bila kuifungua.

"Nikiiingiza, Mama, ujue. Mtu yeyote wa chuo chochote ataiona na kuiomba. Itapanda gari. Na watu unawajua, wanakunja kurasa, wanaweka vikombe juu yake."

"Usipoiingiza?"

"Itabaki kwenye foronya."

Nje mtu alikuwa akifagia. Mama Vibao alisikiliza ufagio mpaka ukanyamaza.

"Ingiza."

Miwani akaandika. Jina la binti likatoka herufi kwa herufi kwenye kioo, na mama yake akalitazama kama unavyotazama jina la kituo ambacho hushuki. Stika ya mistari, ile inayosomwa na mashine, Mama Vibao aliibandika mwenyewe, akaipitishia kidole gumba, hata pembe zake.

Mvua zilikuwa zimeanza ombi lilipokuja. Mwanafunzi wa chuo cha mbali alitaka majani ya reli. Mama Vibao akaitoa rafuni, akaipeleka hadi kwenye gari. Dereva alinyoosha mkono, yeye hakuachia.

"Mama, unaiaga kama bibi harusi!"

"Huko uendako kunanyesha?"

"Kunanyesha, lakini sanduku lina kifuniko."

"Ningoje."

Akarudi na foronya, akaivisha tasnifu, akaukunja mdomo wa foronya vizuri. "Waambie irudi na nguo yake."

"Nitawaambia. Sasa nipe, mama yangu, njia ni ndefu."

Akampa. Hakulia. Akaitazama mikono yake mitupu kwa mshangao kidogo, kama mikono ya mgeni.

Kwenye rafu ya mwisho jirani walikuwa wameshaanza kulala juu ya pengo. Akawasimamisha. Mfukoni mwa koti lake la kazi kilikuwamo kibao kimoja ambacho hakukitia ndooni, rangi yake imebanduka kichwani. Akakichomeka.

Gari likawaka nje, likaondoka. Mama Vibao akabaki pale, kiganja juu ya kibao, kama mtu aliyekwisha kutega na sasa anangoja kupewa mji.