Mtoaji Hajulikani

Jumatatu asubuhi Shadia alikuwa akiingiza mbegu alizokusanya kijijini Kalinzi kwenye mfumo wa benki ya mbegu. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alimimina mbegu kwenye mizani, akaandika uzito, akazitia kwenye pakiti ya foili, akaifunga pakiti kwa mashine ya moto na kubandika stika ya namba. Kisha alijaza kompyutani: zao, kijiji, mwinuko, tarehe ya kukusanywa. Nusu ya kila sampuli ilibaki kwenye friza ya kituo, na nusu ilisafirishwa ng'ambo. Dirisha la ofisi lilitazama ziwa, na upepo ulileta harufu ya dagaa walioanikwa ufukweni Katonga.

Muda mfupi kabla ya adhuhuri alifika kwenye maharage yenye madoa mekundu. Alijaza kila mahali isipokuwa palipoandikwa Jina la mtoaji. Hapo alikwama.

Nyumba aliikumbuka. Alikumbuka mvua iliyomkuta kwenye njia ya migombani, na mwanamke aliyemwita aingie ndani, akamvua viatu vilivyolowa na kuviegemeza kwenye mafiga. Mwanamke yule alimpakulia maharage hayohayo kwa ndizi, akamsimulia kwamba mbegu ile alikuja nayo alipoolewa kutoka Kagunga, na kwamba mwaka wa njaa majirani wote walikuja kuiomba kwake. Shadia alikumbuka mpaka kovu la moto kwenye kiganja chake. Jina lake hakulijua. Alimwita Mama tangu alipoingia mpaka alipoaga, naye aliitwa Mwana, na hakuna kati yao aliyeona kuwa kuna kitu kimepungua.

Mfumo haukukubali kuhifadhi mahali pale pakiwa wazi. Angeweza kumpigia simu kijana wa pikipiki aliyempeleka, amuulize. Lakini gari la mizigo lilikuwa limeshawashwa nje, na msimamizi wake, Bwana Leodgar, alikuwa akipitapita mlangoni. Mahali pa jina palikuwa na orodha ya kuchagua, na neno la mwisho kwenye orodha lilikuwa Hajulikani. Shadia akalibonyeza. Alama ya kijani ikatokea.

Wiki ileile mwanamke wa Kalinzi alifika kituoni. Alisimama mlangoni na mfuko wa nailoni mkononi, miguu ikiwa na vumbi la barabara mpaka magotini.

"Shikamoo, mama," alisema Shadia.

"Marahaba." Hakuingia. "Wewe unanijua?"

"Nakujua. Ulinipa maharage. Ulinikaushia viatu."

Ndipo mwanamke alipoingia, akakaa kwenye kiti cha wageni na kushusha pumzi kama mtu aliyetua kuni.

"Naitwa Marcelina," alisema.

Alieleza taratibu, bila kulalamika. Jumatatu mchana alirudi kutoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani. Mume wake, Elikana, alikuwa amekaa barazani. Alimwona akija, akasimama, akampokea ule mkungu na kumwambia, "Karibu, mgeni." Binti yao Happiness alimletea maji ya kunawa, akamuuliza anatokea upande gani. Walimpa chakula cha kutosha. Walimpa kitanda cha wageni, na shuka ambayo yeye mwenyewe aliifua Jumamosi. Asubuhi Elikana alimuuliza, kwa adabu, kama safari yake bado ni ndefu.

"Nikawaambia mimi ni Marcelina. Wakasema ni jina zuri."

Jumatano jioni alikwenda mazoezi ya kwaya, ambako ameimba tangu hajazaa. Mwalimu wa kwaya alimkaribisha akae benchi la nyuma, asikilize. Alipokwenda kwa mtendaji wa kijiji na kitambulisho chake, mtendaji alikigeuza huku na huku. Picha ilikuwa yake. Mahali pa jina palikuwa pameandikwa Hajulikani.

"Mtendaji akaniambia, mama, neno hili si la huku kwetu, hili ni la ofisini. Akaniuliza ni nani ameniandika siku hizi. Nikafikiri sana. Hakuna aliyeniandika isipokuwa wewe."

Shadia alimwomba asubiri, akamwekea chai, kisha akajaribu kufungua rekodi ya maharage. Ilikuwa imefungwa. Rekodi zote za mzigo uliokwisha safiri zilifungwa, na ufunguo alikuwa nao msimamizi.

Bwana Leodgar alimsikiliza mpaka mwisho huku akila karanga.

"Hutokea," alisema. "Kuna mzee mmoja wa mihogo, miaka michache iliyopita. Sasa yuko Katonga, anapakua samaki. Anaendelea vizuri."

"Nani alimwandika?"

"Mimi. Ndiyo maana namjua. Anayeingiza rekodi hubaki akimjua mtu wake. Tukikutana tunasalimiana."

Shadia alimwomba afungue rekodi, aandike jina tu, basi. Bwana Leodgar akatikisa kichwa. Ukiandika jina, alisema, mfumo utadai karatasi ya ridhaa yenye sahihi, na Marcelina hakusainishwa.

"Yuko nje. Atasaini sasa hivi."

"Sahihi ya mtu asiyejulikana haipokelewi." Alilisema hilo kwa upole, kama daktari. "Halafu fikiria. Mbegu isiyo na mwenyewe haina wa kuombwa ruhusa. Kule ng'ambo wameiona hivyo kwenye mfumo na wanajiandaa kuipanda. Nikifungua hii moja, watauliza na nyingine zote. Unajua ziko ngapi?"

Shadia hakujua. Alirudi mezani kwake, akaandika neno lile mahali pa kutafutia, na orodha ikaanza kushuka. Mtama wa Kagunga. Njugumawe za Ujiji. Viazi, maboga, mchicha wa porini. Alizungusha kidole mpaka kikachoka. Karibu na mwisho aliona kuwa baadhi alizijaza yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza, wakati alipokuwa akijifunza. Sura za waliompa zilimjia zote kwa pamoja, zikiwa wazi kabisa, na hakuwa na jina hata la mmoja wao.

Jioni alimchukua Marcelina, wakaenda nyumbani kwao Ujiji, alikoishi na mama yake mzazi aliyekuwa mgonjwa wa miguu. Njiani walipitia Katonga kununua samaki, migebuka. Ufukweni kulikuwa na watu waliopakua mitumbwi, waliogeuza dagaa kwenye chanja, waliobeba barafu. Walikuwapo siku zote. Shadia alikuwa akinunua samaki kwao tangu utotoni na hakuwahi kusikia mmoja wao akiitwa. Mama mmoja mwenye ndoo, mmoja wa wale waliowahi kumpa mbegu, alimtazama, akaiweka ndoo chini, akamwambia, "Mtama ulifika salama?" Shadia akasema ulifika. Yule mama akashukuru, akaibeba ndoo yake.

Marcelina alikaa Ujiji siku kadhaa. Hakuwa mgeni wa kukaa bure. Aliamka mapema, akafagia uwanja, akamkanda mama mtu miguu kwa maji ya moto. Mama wa Shadia alisema mgeni huyu ni baraka. Kila mgeni aliposifiwa namna hiyo, Shadia alitoka nje.

Alikuwa ameandika barua pepe kwa wale wa ng'ambo. Ilikuwa fupi na ya kweli: mbegu hizi zina wenyewe, majina yao hatukuyauliza, tunaomba mzirudishe au mngoje. Kila siku aliifungua, akarekebisha mkato mmoja au neno moja, akaiacha kwenye rasimu. Mkataba wake wa kazi ulikuwa unaisha Juni. Dawa za mama yake zilitoka kwenye mshahara ule. Aliwaza hivyo, na mawazo yenyewe yalikuwa ya kweli, na bado kila alipoifunga kompyuta alihisi kama mtu aliyefunga mlango huku mwenzake akiwa bado uani.

Kitu kimoja aliweza kukifanya. Hata kwenye rekodi iliyofungwa, mahali pa Maoni palibaki wazi. Akaandika: Mtoaji ni Marcelina, mke wa Elikana, Kalinzi, na ndiye huyu mwenye kovu la moto kiganjani. Alipobonyeza kuhifadhi, mfumo ulikata maneno yaliyozidi. Kilichobaki kilikuwa: Mtoaji ni Marcelina, mke wa Elikana, Kalinzi, na nd. Na mahali pale nako pakafungwa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata walipanda mlima kwenda Kalinzi pamoja. Ukungu ulikuwa bado haujainuka kwenye mibuni. Elikana, mzee mrefu mwenye koti la suti na malapa, aliwapokea barazani.

"Karibuni, wageni. Mwakeye." Alipokwisha kuwasalimu hivyo kwa Kiha, akawapa vigoda. Alionekana mtu mwenye mawazo. "Mnisamehe, nyumba haiko sawa. Tangu juzi nimekumbuka kuwa nina mke. Anaitwa Marcelina. Sijui amekwenda wapi."

"Mzee," alisema Shadia, "ndiye huyu."

Elikana akamtazama Marcelina kwa muda mrefu, bila haraka, kama mtu anayetaka kutenda haki. Alitazama uso, akatazama mikono.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Huyu ni mgeni, alishawahi kulala hapa. Mke wangu ningemjua."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Happiness alileta chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, akamwekea Marcelina kikombe chenye mchoro wa jogoo, kikombe cha wageni.

"Nyinyi mnaotembea," Elikana aliendelea, "mkikutana naye huko mwambieni maharage yamekauka. Yakinyeshewa sasa yataota kwenye maganda."

"Nitamwambia," alisema Marcelina. Akanywa chai yake mpaka ikaisha. "Naweza kukusaidia kuyang'oa, wakati unamngoja."

"Utakuwa umetenda jambo jema. Nitakulipa kwa debe, kama vibarua wengine."

Happiness akaenda kumwonyesha jembe linapowekwa, na Marcelina akamfuata nyuma mpaka pale alipokuwa amelichomeka mwenyewe. Kabla ya kuanza kazi alimsindikiza Shadia hadi barabarani.

"Umeniandika?" aliuliza.

"Nimekuandika. Imekatika."

"Basi utaandika tena."

"Nitaandika, safari hii kwa wale wa ng'ambo."

Marcelina akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na shaka naye, na hilo ndilo lililomfanya Shadia ashindwe kumwangalia mpaka pikipiki ilipokuja.

Juni mkataba uliongezwa. Bwana Leodgar alimpa mkono, akasema rekodi zake ni safi, hazina mahali palipoachwa wazi. Tangu hapo Shadia aliuliza majina. Aliyauliza kila alikokwenda, jina la mtu, la baba, la babu, akayajaza yote, akasainisha karatasi mpaka wakulima wakamwona msumbufu. Rasimu ilibaki rasimu. Mara moja moja alimtumia Marcelina sabuni na sukari kupitia kijana wa pikipiki, bila ujumbe.

Kahawa ilipokwisha kuvunwa, Happiness aliolewa na mwalimu wa Kasulu. Shadia alialikwa, kwa sababu Elikana alimhesabu kuwa rafiki wa nyumba, yule binti wa Ujiji anayesaidia kumtafuta mke wake. Chini ya turubai palikuwa na viti viwili vya wazazi wa bibi harusi. Kimoja alikaa Elikana. Cha pili walikitandikia kitenge kipya wakakiacha wazi, endapo msafiri angefika. Kila aliyesimama kuzungumza alikiinamia kidogo kile kiti kabla ya kuanza. Marcelina alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye masufuria, na watu walisema mpishi wa leo anajua chumvi.

Magari yalipowashwa, Marcelina alitoka jikoni akifuta mikono. Alimfuata bibi harusi mpaka kwenye mlango wa gari, akafungua pindo la khanga yake na kumwekea maharage kwenye kiganja, makavu, yaliyochaguliwa moja moja.

"Ukapande," alisema. "Mvua za kwanza, si za pili."

Happiness aliyatazama. Pembeni yake Shadia alisimama na sahani ya wali ambayo hakuwa ameigusa.

"Asante, mama. Huko nikiulizwa yametoka kwa nani, niseme nani?"

"Sema Marcelina."

"Kumbe," alisema Happiness, na uso wake ukachangamka. "Jina la mama yangu."

Akampa mikono yote miwili, kama mtu anavyomshukuru mgeni aliyetoka mbali, kisha akainua shela lake na kuingia garini. Msafara ukateremka polepole kwenye udongo mwekundu huku watoto wakiukimbilia.

Marcelina alirudi mekoni. Shadia alimfuata, akachuchumaa karibu naye kwenye moshi, wakasikiliza honi zikififia.

"Umeshaandika?" aliuliza Marcelina.

"Bado," alisema Shadia.

Marcelina akasogeza kuni moja ndani ya mafiga, akaitazama ile sahani.

"Kula basi," alimwambia. "Wali unapoa."