Viatu vya Nerys

"Mwanamke akitoka kwangu, katoka," Gethin Mgongo alitangaza baani, bia mkononi. "Hata harufu haibaki. Tangu Agosti nalala katikati ya kitanda, nimetanua miguu kama mfalme. Nerys? Nerys gani?"

"Yule uliyekaa naye miaka kumi na mmoja," akasema Huw Mabomba.

"Sura yake nishaisahau."

"Yake utaisahau, ndugu yangu. Shida ni yako, nani mwingine ataitazama?"

Watu wakacheka, na Gethin akacheka kuwapita wote. Bonde lile lina watu wa ukoo wa Pugh wengi kuliko kondoo, kwa hiyo kila mtu huitwa kwa kazi yake au kwa balaa lake. Gethin alikuwa fundi wa mapaa mpaka siku alipoteleza juu ya kanisa. Uti wa mgongo ukatiwa skrubu sita, na jina likamganda palepale.

Ugonjwa ulikuwa wa kweli, tusimsingizie. Uongo ulikuwa mmoja tu. Mwaka wa kwanza alipata posho ya ugonjwa kwa sababu ya makato aliyokatwa miaka yote ya kazi. Mwaka ulipokwisha ikabaki ile ya watu wasio na kitu, na kwa macho ya serikali mtu hawezi kusema hana kitu ilhali mwenzi wake anakwenda kazini kila asubuhi. Nerys alikuwa anafunga pai kiwandani. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kununulia mkate na kuomba radhi kwa mwenye nyumba, lakini ulikuwa mshahara. Hawakuwa na cheti cha ndoa. Hilo nalo serikali haikulijali, kitanda kimoja kilitosha. Basi Gethin akachukua kalamu, akajaza fomu: *Naishi peke yangu.*

Kuanzia siku hiyo Nerys akaanza kufutika. Mswaki wake ukahamia kwenye kopo la unga. Akawa anaingia kwa mlango wa nyuma, uchochoroni, kama mwizi wa kuku. Akikohoa, Gethin anaongeza sauti ya redio. Akicheka, Gethin anaweka kidole mdomoni, kwa kuwa nyumba zile zimeshikana mstari mzima na ukuta wa jirani ni mwembamba kama biskuti. Baadaye hakuhitaji kukatazwa. Alipita chumbani huoni amepita.

Mama yake Gethin alipofariki, Nerys alikaa benchi la mwisho kanisani, pamoja na watu waliokuja kwa ajili ya chai. Hakuna aliyempa mkono wa pole. Wiki hiyohiyo akafunga begi.

"Uliandika sipo," akamwambia. "Basi, sipo."

Akatoka, na safari hii akatokea mlango wa mbele, mchana kweupe. Kilichobaki ni viatu vyake vyeupe vya kiwandani, vile vya soli ngumu, chini ya ngazi.

Wiki moja nyumba ilikaa kimya. Kimya chenyewe hakikuwa cha kawaida. Kilikuwa kimya cha mtu aliyebana pumzi. Halafu siku moja, saa nane na nusu mchana, saa ambayo Nerys hurudi kutoka zamu, viatu vikapanda ngazi. Ko. Ko. Ko. Vikatulia kwenye kidato cha tatu, pale alipozoea kuketi kufungua kamba. Kesho yake tena, na keshokutwa. Birika likawa linachemshwa, vikombe vinawekwa viwili. Pale ndani, nakuapia, pakaanza tena kunuka kitunguu na pilipili manga, kama jioni zile Nerys alipoleta pai zilizovunjika kiwandani.

Katikati ya Oktoba mkaguzi wa posho akabisha hodi. Bwana Lomax alikuwa mrefu, mpole, mwenye mafua. Akaketi jikoni, akatazama vikombe viwili, akaviandika. Akatazama viatu chini ya ngazi, akavileta mezani.

"Saizi yako, Bwana Pugh?"

"Vya mwenzangu wa zamani. Kaondoka Agosti."

"Tumepigiwa simu. Kila siku saa nane na nusu mwanamke anaingia nyumba hii."

"Naishi peke yangu," Gethin akasema. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa anayasema maneno hayo yakiwa kweli, na yakamtoka yakitetemeka. Alipodanganya yalitoka laini kama siagi. "Haki ya Mungu, peke yangu."

Bwana Lomax akapenga kamasi. "Ikithibitika yupo, posho inakatwa leo. Na kuna mahakama. Nani anatembea?"

Bila posho hiyo, nyumba ingekwenda kabla ya Krismasi. "Mbao za ngazi," Gethin akasema. "Za zamani. Zinalia."

"Kwa saa ileile kila siku?"

Mlango ukafunguka bila hodi. Alikuwa Dilys Pazia, jirani wa ukuta, mwenye miaka sabini na kitu, ambaye tangu nyumba zile zijengwe hajapitwa na jambo.

"Simu nilipiga mimi," akasema. "Na sasa naifuta."

"Simu haifutiki, mama," akasema mkaguzi.

"Basi andika na hili. Wakati wa Nerys sikusema neno; Nerys alikuwa rafiki yangu. Nilisikia viatu vya kike nikadhani huyu mbwa kaleta mwingine, na kitanda hakijapoa. Hasira zikanipanda. Jana nikasema nijionee mwenyewe. Nikainama nikachungulia kwenye tundu la barua mlangoni."

"Bibi Dilys," akasema Gethin, "nakuomba."

"Nyamaza, mwanangu, nakuokoa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hakuna mwanamke, Bwana. Ni yeye. Anapanda ngazi kwa magoti kwa ajili ya mgongo wake, na viatu kavivaa mikononi. Anagonga kidato, kidato, kama mtu anayefika kutoka kazini. Akifika cha tatu anasimama. Halafu anauliza, 'Vipi zamu, mpenzi?' Anasubiri ajibiwe."

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. "Bwana Pugh? Ni kweli?"

Gethin akafungua mdomo atoe mzaha, ule wa mfalme na kitanda, asiuone. Ukutani saa ilikuwa inakaribia nane na nusu.

"Mwonyeshe vidole, mwanangu," akasema Dilys. "Vilivyochubuka na kamba za viatu."

Gethin akaificha mikono chini ya meza. Na huko chini ilikuwa imeshaanza kujikunja yenyewe, kama kila siku saa hiyo, kwa ukubwa wa kiatu.