Kufuli la Kitanda cha Kumi na Saba

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana, na wanafunzi wananiita Mama Funguo. Wanadhani sijui. Jina limetokana na kishada ninachotembea nacho kiunoni, kwa sababu kila msichana anayefunga sanduku lake hunikabidhi ufunguo wa akiba siku ya kwanza ya muhula. Kila ufunguo nimeufunga kitambaa chenye namba ya kitanda. Mtoto akipoteza wake anakuja kwangu analia, namgombeza kidogo, namfungulia, maisha yanaendelea.

Sheria hiyo ina sehemu ya pili. Nimeibandika nyuma ya mlango wa chumba changu, maana watu wazima huisahau upesi kuliko watoto: sanduku la mwanafunzi halipekuliwi bila sababu inayomhusu yeye mwenyewe, wala bila yeye kuwepo. Kwa miaka kumi na moja nimewasomea walimu karatasi ile, tena kwa sauti ambayo si ya kunong'ona. Sasa nitawaambia ni nani aliyeivunja.

Kitanda cha kumi na saba kilikuwa cha binti wa kidato cha kwanza, mwembamba, wenzake wakimwita Sindano. Alikuwa akiamka kabla ya kengele. Mara mbili tatu kwa wiki nilimkuta uani akianika shuka, na kila nikimuuliza ananijibu kwamba alimwaga maji ya kunywa. Nimelea wanne wa kwangu na wa watu sina idadi. Nilijua kwamba mtoto anakojoa kitandani. Nilijua pia kwamba wenzake wakigundua, jina la Sindano litakufa siku hiyo hiyo, na hilo jipya litamfuata mpaka amalize shule.

Nilimwonea huruma, nikafanya upuuzi. Asubuhi moja, wote wakiwa darasani, nilichukua ufunguo wake wa akiba nikafungua sanduku. Ndani mlikuwa na shuka mbichi iliyofichwa kwenye mfuko, chini kabisa, chini ya madaftari. Nikaweka humo mpira wa kutandika juu ya godoro, shuka mbili mpya na kipande cha sabuni, nikafunga. Niliondoka nimejaa sifa zangu mwenyewe. Nilidhani jioni atakuja kunishukuru.

Hakuja. Alinipita kwenye ukumbi akitazama viatu vyake. Wiki iliyofuata, baada ya siku ya wazazi, sanduku lake lilikuwa na kufuli jipya kubwa kama ngumi, na ufunguo ameuvaa shingoni ndani ya sare. Wa akiba hakunipa. Nami sikuudai, ningeudai kwa uso gani?

Mwezi haukuisha, mwalimu wa nidhamu akaambiwa kwamba simu imesikika ikilia bwenini. Simu kwetu ni marufuku. Mwalimu huyu ni kijana, mchapakazi, shati lake limenyooka hata jioni, na kwa umri ni kama mwanangu wa pili. Alikuja saa kumi, akifuatana na fundi wa shule aliyebeba msumeno wa chuma. Wasichana wakapangwa kila mmoja pembeni ya kitanda chake. Mwalimu akapita akitazama, mpaka akasimama kwenye kumi na saba.

"Matroni, ufunguo wa hili?"

"Sina."

"Kufuli jipya, ufunguo wa akiba haupo. Ile sababu unayonidai kila siku, si ndiyo hii? Fundi, kata."

Nikamtazama Sindano. Alikuwa ameubana ufunguo kwa nje ya sare, midomo imemkauka. Hakulia, na afadhali angelia. Wenzake thelathini na tisa walikwisha kuanza kunyoosha shingo, na mimi nilijua watakachokiona kikimwagwa sakafuni. Basi nikakalia sanduku. Mimi si mwepesi, na ilikuwa siku ya kwanza kuushukuru uzito wangu.

"Mama, tafadhali simama," mwalimu akasema.

"Sisimami. Mwalimu, chanzo cha kufuli hili ni mimi. Mwezi uliopita nilifungua sanduku hili mtoto akiwa darasani. Sikumwomba, wala sikuwa na sababu ya kisheria. Akajua, akabadilisha kufuli. Hata wewe ungebadilisha."

Mwalimu alinitazama kama mtu aliyekuta chumvi kwenye chai.

"Wewe? Na karatasi yako mlangoni?"

"Mimi. Na karatasi yangu mlangoni."

"Ulikuta nini humu?"

"Vitu vyake. Simu haikuwemo."

"Vitu gani?"

"Nilikosea kuangalia, mwalimu. Sitaongeza kosa la kusema."

Akavuta pumzi. "Mwezi uliopita si leo, mama. Mtu anayefunga hivi ana kitu anachoficha."

Hapo hasira zikanipanda, nami hasira zangu hazijui kugeuka nyuma. Nikafungua zipu ya mkoba wangu, "Na huu nao umefungwa," nikaumwaga wote kitandani. Ikatoka dawa ya goti. Kikatoka kitana chenye meno manne, kipande cha mkate wa juzi, picha ya marehemu mume wangu, na kopo la rangi ya nywele, ambayo miaka yote nimewaapia wasichana wale kwamba sijawahi kuigusa. Wakaangua kicheko. Uso ulinichoma mpaka masikioni. Nilikuwa nimeumwaga mwenyewe, kwa hiari yangu, na bado nilitamani sakafu inimeze. Ndipo nilipoelewa sawasawa nilichomtendea mtoto yule.

Mwalimu hakucheka. Aliokota picha iliyokuwa imeanguka, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akanirudishia.

Fundi akakohoa. "Mwalimu, hiyo simu ilisikika lini?"

"Jumanne, saa nne asubuhi."

"Jumanne saa nne nilikuwa humu natengeneza dirisha. Simu yangu ililia."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza. Uliniambia nilete msumeno."

Mwalimu alifumba macho kidogo. Kisha akawaomba wasichana radhi, kwa sauti ya kusikika, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Wakatoka, yeye mbele, fundi nyuma na msumeno wake.

Kengele ya chakula ilipolia, bweni likabaki tupu. Nilikuwa chumbani kwangu napanga upya mkoba nilipomwona Sindano mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nilidhani ulinipekua ili ukamwambie mwalimu."

"La, mwanangu. Nilitaka kukusaidia, nikakuvunjia heshima. Ilikuwa nikuulize kwanza. Nisamehe."

Alisugua kizingiti kwa ncha ya kiatu. "Vile vitu bado viko kwenye nailoni. Sijavitumia."

"Ni vyako. Hata ukivitupa, sitauliza."

"Sitaki kuvitupa." Akasema haraka haraka, "Ule mpira sijui kuutandika. Nikijigeuza usiku si utapiga kelele, wasikie?"

Nilimweleza kwamba juu ya mpira huwekwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili, halafu ndiyo shuka, na hapo hata ukigaagaa usiku kucha hausikiki. Nikatoa kitambaa kabatini, tukaongozana mpaka kitanda cha kumi na saba. Akapiga magoti, akautoa ufunguo shingoni, akafungua kufuli. Mfuniko hakuuinua. Alikaa tu, mkono juu ya bati, akinisubiri.

Nikainama, goti likilalamika, nikagonga sanduku mara mbili kwa kidole.

"Hodi."

Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu mwezi ule.

"Karibu, mama," akasema, akainua mfuniko.