Sanduku Lililotoa Jasho

Vibua wa kwanza niliowaanika sandukuni walinuka. Wa pili waliota ukungu. Mwanaharusi, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama hapa Saadani, akanijia uwanjani mikono kiunoni.

"Bi Mina, mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Wakioza tena, sanduku tunalivunja, nailoni naezekea banda la kuku."

Sanduku la kukaushia samaki kwa jua nililigongelea misumari mwenyewe, nikalifunika kwa nailoni. Nje nyani hawatuachii kitu. Wanatoka porini, wanachagua samaki kama wako sokoni. Ndiyo maana niliziba kila upenyo. Nikajiambia, joto likijaa humo, samaki atakosaje kukauka?

Asubuhi nikapanga vibua wa tatu, wamepasuliwa na kutiwa chumvi. Nilipokwisha kuswali Adhuhuri nikakaa mbele ya sanduku, nikatazama tu. Nailoni ilijaa matone kwa ndani, kama mfuniko wa sufuria ya wali. Nikaingiza mkono, joto kali, lakini vidole vikatoka vimelowa. Kumbe sikaushi, napika! Maji yanamtoka samaki, hayana pa kwenda.

"Tabia," nikamwita jirani yangu, "niletee chetezo na ubani."

"Unalifukiza? Lina shetani?"

"Lina pumzi iliyokwama. Lete, mwanangu."

Nikasema bismillahi, nikakata tundu juu. Tukaweka chetezo ndani. Moshi ukajazana, ukazubaa. Nikakata tundu jingine chini, upande wa pili. Moshi ukageuka, ukapanda, ukatokea juu mbiombio.

"Subhanallah! Nani anauvuta?"

"Joto linapanda na kutoka. Upepo wa nje unaingia chini kushika nafasi yake." Hata mimi nilikuwa ndiyo kwanza najua.

Matundu tukayashonea chandarua, nzi wasiingie.

Siku ya tatu Mwanaharusi akaja na nyundo. Akamtoa kibua mmoja, akamkunja. Ko! Akakatika kama kijiti. Akamnusa, akamnusa tena.

"Hajaoza," akasema. "Lakini mbona ananukia kama katoka maulidini?"

Tabia akacheka hadi akakaa chini.

"Na hiyo nyundo, mwenyekiti?" nikamuuliza.

"Nimekuletea wewe," akajibu bila haya. "Tunataka la pili, tena kubwa. Mbao ziko kwangu. Ila ubani, Bi Mina, tuachie msikitini."