Akina Boke Mwita Arobaini na Watatu

Zablon Nyangwine alikuwa amefika mstari wa thelathini na nane wa jedwali lake, na macho yalikuwa yameanza kumkatalia. Tangu Jumatatu kazi ilikuwa hiyo hiyo: kusoma sifa moja ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kuuliza inamtumikia nani, kuandika, kushuka mstari. Leo ilikuwa Ijumaa. Chai aliyoletewa saa mbili asubuhi ilikuwa bado mezani, imepoa na kufanya utando.

Hospitali yao ya misheni, iliyo kando ya barabara iendayo Sirari, ilikuwa imepata seva mpya. Ndani ya seva hiyo zingeishi kompyuta pepe saba, kompyuta zisizo na mwili, kila moja ikiamini ina mashine yake peke yake: ya maabara, ya dawa, ya eksirei, na kongwe kuliko zote, ya mafaili ya wagonjwa. Zote zilisimamiwa kwenye ukurasa mmoja wa skrini. Ukibonyeza jina la mojawapo, ulipata orodha ndefu ya sifa za prosesa ilizopewa, na baadhi zilikuwa na alama ya njano pembeni. Watengenezaji wa prosesa wakiona sifa fulani imezeeka, hawaing'oi siku hiyo hiyo. Huitangaza kwamba inaondolewa, kisha wanangoja miaka. Bado ipo, bado inafanya kazi, lakini mwenye akili asiitegemee. Kazi ya Zablon ilikuwa kuandika habari za hizo zenye njano.

Likizo yake ilikuwa imefungwa kwenye kazi hiyo. Katibu wa hospitali alikuwa amesema: fomu ya seva ikisainiwa, Zablon aende wiki tatu. Kwa miaka miwili hakuwa amepumzika hata siku moja. Huko Nyambureti mvua za masika zilikuwa zimeangusha ukuta wa nyumba ya mama yake, na mama, mwenye miaka sabini na kitu, alikuwa amehamia kwa jirani na godoro lake. Matofali yalikwisha kuchomwa. Fundi Mseti alikuwa ameahidi Jumatatu. Ilikuwa Agosti tayari, na vuli haimsubiri mtu.

"Mzee Zablon, bado unaandika kitabu?"

Alikuwa Godwin, mhandisi aliyetumwa na makao makuu Mwanza kuja kuhakikisha uhamisho. Begi lake lilikuwa begani.

"Nimefika thelathini na nane."

"Kati ya ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Yesu wangu!" Godwin aliinama juu ya bega lake akanyoosha kidole kwenye skrini. "Mzee wangu, swichi hii hapa. Zima zote zinazoondolewa. Unabonyeza mara moja, njano yote inapotea. Kwenye fomu panapouliza sifa zinazoondolewa ambazo bado zinatumika, unaandika 'Hakuna'. Mimi napanda gari, wewe unakwenda kwa mama. Nina hospitali kumi na moja, na kumi zilizotangulia zote zimeandika 'Hakuna'."

"Zote zilijaribu kwanza?"

"Wakurya kwa ubishi! Haya, tujaribu."

Zablon hakumchukia. Mtu mwenye hospitali kumi na moja na wakubwa wanaopiga simu kila saa lazima apende swichi moja kuliko mistari hamsini na miwili. Zablon akaibonyeza mwenyewe. Wakaizima kompyuta ya mafaili, wakaiwasha tena, ikaamka bila kulalamika. Wakashuka mapokezi kwa Simon, karani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Pale mapokezi palikuwa na kijisanduku cheusi cha kusomea dole gumba. Kilikuja miaka kumi iliyopita kwa sababu ya shida moja ambayo makao makuu hawakuwahi kuielewa. Huku majina ya ukoo hurudi na kurudi, na wengi wa makamo hawajui tarehe ya kuzaliwa, wakaandikiwa tarehe mosi Januari. Kadi za karatasi nazo ziliazimwa kama majembe: dada akiugua alichukua ya dada, nyingine ziliachwa kwa shemeji Isebania zisirudi. Dole gumba peke yake ndilo halikuazimika.

Sista Awino alikuwa akipita na trei ya sindano. Godwin akamsimamisha.

"Sista, tuazime kidole."

"Kimoja tu? Nirudishiwe."

Simon akaandika Awino Obonyo, sista akaweka dole gumba, na faili likafunguka na picha yake ya zamani, mwembamba, nywele za kusuka.

"Eh! Huyu msichana alikwenda wapi?" sista akacheka, akaendelea na safari yake.

"Umeona?" Godwin akamkabidhi Zablon kalamu. "Saini, mzee. Saa tano hii."

Zablon aliishika kalamu. Fomu ilikuwa juu ya kaunta, nafasi yake ya saini iko wazi, na mwili wake wote ulitaka kuandika. Aliona barabara ya Nyambureti, aliona matofali. Lakini yeye, aliyejifunza kazi kwa kufungua kompyuta zilizokufa, alikuwa na desturi moja ambayo hakuna mwalimu aliyempa: dawa ajaribiwe nayo mgonjwa, asijaribiwe jirani wa mgonjwa.

"Simon, ita anayefuata kwenye foleni."

Simon akatazama karatasi yake. "Boke Mwita!"

Wakainuka wanawake watatu.

"Mnaona maisha yangu?" Simon akasema. "Mama wa kitenge cha kijani, shikamoo, njoo wewe."

Simon akaandika jina, na mama yule, mwenye mvi chini ya kilemba, akaweka dole gumba. Kijisanduku kikamulika. Skrini haikumchagua mtu. Ilitoa orodha: Boke Mwita, Boke Mwita, Boke Mwita, hadi chini, arobaini na watatu, na wengi wao wa tarehe mosi Januari.

"Weka tena, mama."

Akaweka tena. Arobaini na watatu.

Simon, mwenye foleni hadi mlangoni, akafanya kile ambacho karani yeyote angefanya. Akauliza kijiji, akapata watano, akauliza jina la mume, akapata wawili, akabonyeza mmoja.

"Haya mama, kliniki ya wajawazito ni chumba namba nne. Mimba yako ina wiki ishirini na—"

"Mimba?" Mama akageukia foleni. "Mimi? Mume wangu amekufa mwaka wa tisa huu! Mura, kijana wee, unataka watoto wangu waje hapa na mapanga?"

Foleni ikacheka hadi mzee mmoja akashikwa na kikohozi. Godwin naye akacheka. Zablon hakucheka, alikuwa ameinama kwenye skrini, akifungua faili la pili kati ya wale wawili. Juu kabisa, kwa herufi nyekundu, palikuwa pameandikwa: *Asichomwe penisilini. Alizimia, 2019.*

"Mama, umewahi kuzimia kwa sindano?"

"Hapa hapa! Walinimwagia maji kama mbuzi aliyeanguka kisimani. Si mmeandika?"

"Tumeandika, mama. Kaa kidogo, samahani."

Alirudi ofisini kwake polepole. Alirudisha zile sifa za njano moja moja, akiwasha na kumpigia Simon ajaribu tena kidole cha mama, huku Godwin akitazama saa. Kwenye ile ya mstari wa thelathini na tisa, dole gumba la mama Boke lilifungua faili lake mwenyewe mara moja. Sifa yenyewe jina lake lilikuwa herufi tatu tu. Programu ya vidole iliandikwa zamani kwa kuitegemea hiyo. Ikikosekana, programu haisemi kitu, inaacha kulinganisha vidole na kuanza kufuata majina. Sista Awino alipita kwa sababu katika hospitali nzima Awino Obonyo alikuwa mmoja.

Godwin alikaa juu ya boksi la seva mpya. Hakuwa mtu mbaya.

"Sawa," akasema. "Iache hiyo moja imewashwa. Lakini kwenye fomu andika 'Hakuna'. Nani atajua?"

"Na mwezi ujao mkisafisha mashine zote kutoka Mwanza?"

"Tutapitia fomu kwanza."

"Fomu itasema 'Hakuna'."

Godwin akavua begi begani.

"Mtaizima," Zablon akasema kwa sauti ya chini, "na hakuna taa itakayowaka nyekundu. Mimi nitakuwa Nyambureti napanda juu ya mti kutafuta mtandao. Huyu mama atakuja na jipu, Simon atabonyeza Boke mwingine, na atachomwa penisilini."

"Ukiiandika, mzee, unajua kinachofuata. Wakubwa watataka mpango. Vidole vyote visajiliwe upya kwenye programu mpya kabla sifa hiyo haijaondoka kabisa. Ni watu wangapi?"

"Elfu nne na mia mbili."

"Na atakayewasajili ni nani? Katibu hatakupa likizo, nakwambia ukweli."

"Najua."

Aliujua ukweli huo tangu kwenye kaunta. Alivuta kibodi, na kwenye mstari wa thelathini na tisa akaandika bila haraka: jina la sifa, kwamba bado ipo lakini inaondolewa, kwamba programu ya vidole ya mafaili ya wagonjwa inaitegemea, kwamba ikizimwa mashine itawaka vizuri na kuonekana nzima, ila itachanganya wagonjwa wenye majina yanayofanana, kwamba isijaribiwe kwa jina adimu, na kwamba vidole visajiliwe upya kabla ya mwisho wa Februari. Kisha akamaliza mistari kumi na mitatu iliyobaki, isiyo na mtumiaji, akachukua fomu, na palipotakiwa 'Hakuna' akaandika 'Moja. Tazama mstari wa 39.' Akasaini.

Godwin alisoma, akatia saini yake chini, akatikisa kichwa. "Ya kwanza kati ya kumi na moja. Watanila mzima." Mlangoni akageuka. "Zile kumi nyingine, mzee. Pengine niwapigie."

"Waambie wajaribu kwa majina ya watu wengi."

Gari lilipoondoka, Zablon alitoka nyuma ya jengo la jenereta akapiga simu. Iliita sana.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Unakuja na basi la saa ngapi? Mseti amekwisha leta mwiko wake."

Alimwambia. Hakumweleza habari za prosesa. Alimwambia tu kuwa kuna wagonjwa ambao vitabu vyao vingechanganyika, na yeye ndiye wa kuvitenganisha, na haitakuwa leo wala mwezi huu. Upande wa pili kuku mmoja akalia.

"Watu wangapi hao?"

"Elfu nne, mama. Na kidogo."

"Na mvua?"

"Nitamwambia mdogo wangu Zakayo aje asimamie ukuta. Mimi nitakuja Jumapili, nirudi Jumapili."

"Zakayo hajui hata kushika timazi." Mama akapumua. "Basi nitaendelea kulala kwa Ghati. Anakoroma, lakini ana bati. Wewe umekula?"

"Bado."

"Kula."

Alikata simu, akasimama kidogo ameegemea ukuta wenye joto, miguu ikimuuma kama aliyelima. Halafu akarudi mapokezi, akavuta kiti karibu na Simon, na kumwita mama wa kitenge cha kijani aje na mkono wake wa kulia, awe wa kwanza kusajiliwa upya.