Cheti cha Afisa Bora

Zablon alivaa glavu. Tuanzie hapo, maana mtu akishavaa glavu za daktari ili aguse kompyuta, hata yeye mwenyewe moyoni anajua kuna mahali amezidisha. Alizinunua asubuhi katika duka la dawa Homa Bay, na muuzaji alipomuuliza mgonjwa ni nani, Zablon alijibu kwa sauti nzito kwamba hayo ni mambo ya uchunguzi. Uchunguzi! Jameni, huyu ndiye mtu ambaye ushirika wa wakulima wa njugu ulimwajiri abadilishe wino wa printa na kuwasaidia waliosahau nywila zao.

Lakini safari hii jambo lilikuwa zito kweli. Kompyuta ya tawi la Migori ilikuwa imeshambuliwa. Mafaili yote ya wakulima, nani ana shamba wapi na nani ameshapewa mbegu, yalikuwa yamefungwa kabisa, na kwenye skrini yalitokea maandishi mekundu ya vitisho. Kompyuta ile ilitumiwa na mtu mmoja tu: Edith, karani wa tawi, mama mtu mzima ambaye kwa kazi hiyohiyo alikuwa akimsomesha bintiye Lynnet chuo cha uuguzi.

"Edith amefungua kitu hakufaa kufungua," alisema Madam Millicent, meneja wao, akiwa ofisini kwake Homa Bay. "Nenda Migori uniletee ushahidi. Ukithibitisha ni yeye, anaenda nyumbani. Sitaki kelele."

Zablon aliitikia kwa kichwa kama jaji. Alikuwa ametoka mafunzoni Kisumu, na huko walifundishwa kwamba kompyuta iliyoshambuliwa ni sawa na mahali palipotokea mauaji: usiiguse, usiizime, usiisafishe. Maneno hayo aliyarudia kila mahali. Aliyarudia kwa mkewe, kwa kinyozi wake, hata kwa mchungaji baada ya ibada. Watu ambao hakuwaambia ni wale wa Migori tu, ambako ndiko kompyuta ilikuwa.

Si kwamba hakuwapigia simu. Alipiga. Huwezi kwenda kwa watu bila kutoa habari.

"Mama Lynnet, nakuja kesho," alimwambia Edith. "Mimi mwenyewe, kutoka makao makuu. Tena msinisumbukie. Msinipikie chochote."

Sasa niambieni, kutoka Homa Bay mpaka Kegonga, ni mama gani ataambiwa hivyo na mgeni halafu akae akikunja mikono? Zablon alikata simu akiwa ameridhika sana na unyenyekevu wake.

Alipofika Migori alikuta sakafu imepigwa deki hadi inateleza. Harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa imejaa ofisini. Kompyuta nayo ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa, kile cha kutandikwa kwenye viti wageni wakija. Hapo ndipo alipovaa zile glavu, akakishika kitambaa kwa ncha za vidole viwili na kukiinua. Mashine iling'aa.

"Karibu, wuoda," Edith alisema akitabasamu. Alimwita mwanangu, kama alivyowaita vijana wote. "Tumekusafishia."

"Mmesafisha nini, mama?"

"Si hiyo kompyuta! Mgeni anatoka mbali kuja kuiangalia, nimwache aone uchafu ule mwekundu? Nilimwita Wesley, yule fundi wa simu pale steji ya matatu, akaiformat, akafuta kila kitu. Sasa inakimbia! Ametuwekea na nyimbo za kwaya."

"Na ile diski ya akiba, yenye nakala za mafaili? Ile niliyowaambia msiitoe kamwe?"

"Hatukuitoa hata siku moja. Ilikuwa hapo hapo kwenye mashine, nayo ikashikwa na ule uchafu. Wesley akaiosha pia."

Zablon alikaa. Ndani ya begi lake kulikuwa na kifaa cha kunakili diski bila kuigusa, alichokiazima Kisumu kwa kubembeleza sana. Sasa kingenakili nini? Kwaya? Alitaka kufoka, na mdomo ulishafunguka. Lakini angemfokea nani? Yeye ndiye aliyezungumza habari za safari na chakula, asiseme neno lile moja lililokuwa na maana. Aliufunga mdomo.

"Mama Lynnet," alisema taratibu, "kabla ya yale maandishi mekundu kutokea, ulifungua nini?"

Edith aliinamisha uso. Mikono yake ikaanza kukunja kile kitambaa cheupe.

"Nitakwambia, lakini usinikasirikie. Ni mimi niliharibu."

Moyo wa Zablon uliruka. Na aibu ni kwamba uliruka kwa furaha. Hata bila diski, kesi imekwisha! Alitoa simu, akabonyeza kurekodi na kuiweka mezani kistaarabu.

"Sema tu, mama. Uliharibu nini?"

"Cheti chako."

"Cheti gani?"

"Kile ulichotutumia. Nilifurahi, nikasema wacha nione jina la kijana wetu. Kubonyeza tu, mashine ikawa giza, halafu ikaleta yale mekundu. Nikajua nimeharibu cheti cha watu. Nikaona haya kukwambia."

Jasho jembamba lilimtoka Zablon ndani ya glavu.

Alikumbuka yote. Barua pepe ilimjia ikisema amechaguliwa Afisa Bora wa Usalama wa Kompyuta, Kanda ya Ziwa, na cheti kimeambatishwa. Nani alimchagua? Hakuuliza. Alipaswa kuuliza, maana katika kanda nzima hakuna aliyewahi kumwona akilinda chochote. Alijaribu kukifungua kwenye simu, kikakataa, akalaumu mtandao. Kisha akaituma barua hiyo kwa ushirika wote, makao makuu na tawini, akiongeza maneno yake mwenyewe: "Naomba mfurahi pamoja nami." Siku hiyohiyo alinunua fremu.

"Nilikuandikia hongera," Edith alisema. "Uliipata?"

"Niliipata, mama."

Aliipata kweli. Hakupata nyingine.

Alizima kurekodi, akaifungua ile barua kwenye simu yake. Kompyuta ilikuwa imeoshwa. Kama angeifuta barua hii na kile alichorekodi, yangebaki maneno ya karani dhidi ya maneno ya mtaalamu, na Madam Millicent alishaamua. Kidole gumba kilisimama juu ya alama ya kufuta. Kikakaa hapo, ndani ya glavu, bila kubonyeza.

"Vua hayo mavitu unawe, samaki wanapoa," Edith alisema. "Na ukifika huko, uwaambie sikufanya makusudi."

Zablon alivua glavu. Kidole sasa kilikuwa wazi. Alikitazama kidole chake, akamwona mwenye kidole, akajichukia. Aliirudisha simu mfukoni, akanawa, akala samaki bila kuonja ladha yake.

Kesho yake wafanyakazi wote wa makao makuu walikutana Homa Bay. Madam Millicent alikaa mbele.

"Haya, mtaalamu. Ni Edith?"

"Edith alifungua," Zablon alisema, kisha akanywa maji. "Lakini aliyemtumia ni mimi. Kile cheti changu ndicho kilichobeba virusi. Na alikifungua kwa sababu kilitoka kwangu. Kama kuna wa kwenda nyumbani, ni mimi."

Dorine, mhasibu, alisogeza kiti chake mbali na kompyuta yake.

"Niliwatumia nyote," Zablon aliendelea. "Kwa hivyo lazima niulize. Nani mwingine alifungua?"

Mtu alikohoa. Mwishowe Job wa stoo akajikuna shingo.

"Ukweli, bosi? Barua zako huwa tunafuta tu."

"Hata mimi," alisema Madam Millicent.

Basi hiyo ndiyo ngome iliyookoa makao makuu. Si mafunzo ya Kisumu, si matangazo aliyobandika mpaka mlangoni mwa choo. Walipona kwa kumpuuza. Aliyeumia ni yule mmoja aliyemjali.

Madam Millicent ndiye aliyekata shauri. "Edith abaki kazini. Wewe utapata onyo. Na utaenda Migori, uzunguke naye kwa kila mkulima, mpaka kule Ogwedhi, muandike upya kila jina mlilopoteza. Kwa miguu ikibidi."

"Sawa, Madam."

"Na hizo glavu ubebe," Dorine aliongeza, akizionyesha zilivyochungulia mfukoni mwake, na kicheko kikapasuka. Zablon naye alicheka, ingawa kilichomchoma kilikuwa bado kifuani.

Alasiri hiyo aliandikia ushirika wote kanuni mpya: kabla hujafungua chochote, mpigie simu aliyekutumia. Akatuma na kusubiri, akijua anasubiri bure. Mbele yake ukutani ilining'inia ile fremu, tupu.

Simu ikalia. Ni Edith.

"Wuoda, imekuja barua yenye jina lako. Ni wewe kweli?"

"Ni mimi, mama."

"Kuna kitu cha kufungua?"

"Hakuna. Maneno tu."

"Haya, basi nitasoma. Na cheti chenyewe? Cha kweli kitakuja lini?"

Zablon aliitazama fremu. "Bado, mama."

"Kikija usikose kunitumia. Nitakuwa wa kwanza kukifungua."

Alipaswa kumkanya pale pale, ndiyo kazi anayolipwa. Alifungua mdomo amkanye, lakini kilichotoka ni, "Asante, mama."