Salamu kwa Kanyshay

Haya ninayoyaandika yote yalitokea, na naapa kama tunavyoapa kwetu, mkate unipige kama nimeongeza hata chembe. Watu wa kando ya ziwa la Song-Köl wananijua. Miaka thelathini na moja nilisukuma theluji kwa katapila la serikali kwenye njia ya mlimani, na ninaposema kuna mwaka nilifukua theluji nikakuta basi la harusi, watu wamo ndani bado wanacheza, hakuna anayenibishia usoni. Basi na leo niaminini.

Mke wangu Kanyshay alikufa Januari. Ardhi ilikuwa imeganda, wachimba kaburi wakachoma matairi juu yake siku nzima ndipo sururu ikaingia. Watu walikuja kuhani. Kwetu mwanamume mfiwa husimama nje, ameegemea fimbo, na kila wanapotokea wanaokuja hulia kwa sauti kuwapokea. Nilisimama. Nilifungua mdomo. Sauti iliyosikika ilikuwa ya ndugu zangu. Mimi nilikuwa natazama vifungo vya koti la mtu, kimoja kilikuwa cha rangi nyingine.

Juni nikasimamisha hema malishoni kama kila mwaka, tupokee wageni wa kulala. Wa kwanza walikuwa Wafaransa wawili. Wakauliza, "Mama mwenye nyumba yuko wapi?"

"Ameteremka mjini," nikasema. "Anang'olewa meno."

Yalitoka yenyewe. Wakamsikitikia, na siku ile nzima Kanyshay alikuwa mjini, shavu limevimba, amenuna. Nikaona inafaa. Wahispania nikawaambia yuko harusini. Mwingereza mmoja nikamwambia amemfuata ngamia aliyetoroka, saa hizi anakaribia mpaka wa Uchina. Kwa majirani Kanyshay alikuwa marehemu; kwa wageni alikuwa mtu wa kurudi kesho kutwa. Duniani hapakuwa na mahali pengine alipobaki hai, nami sikutaka mtu apafunge.

Shemeji yangu Batma, dada mkubwa wa Kanyshay, ndiye aliyewapikia wageni, na alisikia kila kitu.

"Ngamia, shemeji? Sisi tuna ngamia?"

"Si ndiyo maana nimesema ametoroka."

Alinitazama kidogo, akaendelea kukanda unga.

Julai, Batma akiwa malisho ya juu anakamua farasi, gari lilisimama kule chini njiani akashuka Idalina. Huyu ni Mreno, mwalimu mstaafu. Mwaka uliotangulia alikaa kwetu wiki mbili. Wageni wengi hupiga picha ziwa, wakala, wakaenda. Yeye aliketi chini na Kanyshay akajifunza kushona zulia la sufu, wakafundishana maneno, wakacheka mambo ambayo mimi sikuambiwa. Alipofika kwao akanunua kitabu akajifunza lugha yetu majira yote ya baridi. Sasa alirudi na miwani ya kusomea ndani ya kifuko chekundu, kwa sababu alimwona Kanyshay akitunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha.

"Kanyshay!" aliita kabla hajafika mlangoni. "Nimekuletea macho!"

Mtu ambaye hakuwapo msiba ulipotokea huambiwa pale pale nje. Hulia kwanza na wenye nyumba, kisha ndipo hunywa chai. Hilo kwetu linajulikana hata kwa mtoto anayejifunza kutembea.

"Yuko kwa dada yake," nikasema. "Upande wa pili wa mlima. Karibu, karibu."

Nikamketisha mahali pa heshima, nikammiminia chai, nikamkatia mkate. Akanisimulia kuhusu mbuzi wa jirani yake aliyekula barua za posta, akacheka, nami nikacheka kwa mdomo.

"Namsubiri," alisema.

Siku ya pili nikamwambia mto umejaa. Siku ya tatu mto ulikuwa umechukua daraja, na kwa macho yangu nilimwona ng'ombe akipita amesimama juu yake, anatafuna bila wasiwasi. Siku hiyo Idalina hakucheka. Alikuwa ameketi mlangoni na daftari letu la wageni magotini, akifunua ukurasa mmoja mmoja.

Batma akateremka kutoka malisho ya juu na kiriba cha maziwa ya farasi. Walisalimiana, wakakumbatiana, na Idalina akaniita.

"Mzee Satarkul. Wafaransa wanaandika: mpe mama pole ya meno. Wahispania wanaandika: salamu kwa Kanyshay, harusi iwe njema. Mwingereza anauliza kama ngamia amepatikana." Akafunga daftari. "Nimefundisha lugha miaka arobaini. Kanyshay yuko wapi?"

"Kwa dada yake."

Batma akatua kiriba chini.

"Dada anaye mmoja, shemeji. Ndiye mimi."

Nzi walianza kukusanyika kwenye mdomo wa kiriba.

"Lini?" Idalina akamuuliza Batma, si mimi.

"Januari. Mapafu." Kisha Batma akasema, "Amekulisha?"

"Siku tatu."

"Na umecheka humu ndani?"

"Nimecheka."

Batma akanigeukia. "Wale wengine walikuwa wapita njia, nikanyamaza. Nilisema, mwache mzee aropoke, ndiyo dawa yake. Lakini huyu! Huyu amevuka nchi ngapi kwa ajili ya dada yangu? Alikuwa na haki ya kumlilia kabla ya kugusa chai yako, kichwa maji wewe. Umemwibia."

"Nitalipa."

"Utalipa nini?"

"Yule kondoo dume."

"Huyo utamchinja, hilo halina mjadala. Lakini kwanza chukua fimbo."

"Batma, ilishapita. Nilikwisha kusimama."

"Ulisimama kama mwizi wa duka. Nilikuona. Toka nje."

Akamshika Idalina mkono, wakateremka hadi kule gari lilikomshushia, ili aje upya kama mtu aliyefika sasa hivi. Nikasimama mbele ya hema na fimbo yangu, nikiwaangalia wanavyopanda majanini, wanawake wawili wadogo wadogo wasio na haraka. Kichwani uongo ulikuwa unapanga foleni, mmoja mzuri kuliko mwingine. Walipofika hatua kumi Batma akamsimamisha.

"Mwambie."

"Kanyshay amekufa," nikasema, kama mtu anayetaja saa ya basi.

"Hajasikia."

Alikuwa amesikia. Kifuko chekundu alikuwa amekikumbatia kifuani.

"Kanyshay amekufa."

"Hajasikia, shemeji."

Nikasema mara ya tatu. Ya nne hayakuwa maneno tena, na Idalina akaja kwangu mbio, analia kwa lugha ya kwao.

Kondoo nilimchinja alasiri.